Ndege Kubwa ya Papa Neema

Juzi binti yangu alikuwa anafuta rangi ya kucha sebuleni, na kabla sijakiona kichupa nilikuwa nimeshasema, "Fungua dirisha." Sauti iliyonitoka haikuwa yangu, ilikuwa ya mama. Harufu ile kali, yenye utamu kidogo, inayopanda puani na kukaa kwenye paji la uso, ndiyo harufu ya Jumapili mchana nyumbani kwetu Rugenge, mtaa wa mji wa Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, baba na rafiki yake walipokuwa wakiunda ndege za kivita mezani na mama akizunguka kufungua madirisha.

Ninyi wa rika langu mliokulia Uvira mtashangaa. Ndege tulizozijua wengi wetu zilikuwa za mikebe ya sardini, zenye matairi ya vifuniko vya chupa. Za baba zilikuwa za plastiki. Zilikuja kwenye boksi zikiwa vipande vipande, vimeshikamana na vijiti mithili ya mifupa ya samaki, pamoja na karatasi ya michoro na alama ndogo za rangi ambazo ziliwekwa majini mpaka zilainike, kisha zikabandikwa kwenye mabawa. Baba alikuwa muuguzi, na mtaani walimwita Dokta. Mikono yake haikutetemeka. Alikata vipande kwa wembe, akavipiga msasa, akavishika kwa kibano, akapaka gundi, ile yenye harufu kali, kwa ncha ya sindano ya mama. Tone moja likidondokea kile kioo cha rubani, kioo kilipata ukungu usiotoka tena, na siku hiyo baba hakuongea na mtu mpaka jioni.

Rafiki yake alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Sisi watoto tulimwita Papa Neema, kwa sababu Neema alikuwa mtoto wake wa kwanza, naye Neema na mimi tulikaa dawati moja. Ukoo wao ulikuwa wa wafugaji wa kule juu milimani. Yeye alishuka mjini kusoma, akaoa, akabaki. Alikuwa mrefu, mwenye vidole virefu, na alicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika. Walijuana na baba katika duka moja la vitabu kule Bujumbura, siku ambayo wote wawili waliweka mkono juu ya boksi moja. Baba alipenda kuisimulia. Alisema hakuwahi kudhani kuna mtu mzima mwingine pande hizi za ziwa mwenye ugonjwa wake.

Tangu hapo kila Jumapili, baba akitoka misa na Papa Neema akitoka kwenye hekalu, kama walivyoita kanisa lao, walikutana kwetu. Neema na mimi tuliosha vipande kwenye beseni la maji ya sabuni na kusoma namba zake kwa Kifaransa, kwa sauti, kama darasani. Wao waliunganisha na kubishana.

Walichobishania kilikuwa kimoja, miaka yote ile: ukubwa. Kila boksi lilikuwa na namba. Za baba ziliandikwa moja juu ya sabini na mbili. Za Papa Neema, moja juu ya arobaini na nane. Baba hakutaka kusikia namba nyingine. Ndege yake ya kawaida ilitoshea kwenye viganja vyangu viwili nikiviunganisha. Alikuwa nazo kumi na kitu kwenye kabati la vioo ambalo mama alilinunua kwa ajili ya sahani. Alisema kabati lenye kipimo kimoja linasema kweli: ndogo inaonekana ndogo, kubwa inaonekana kubwa, hata ile ya kubeba wanajeshi yenye elise nne, yaani pangaboi, inakaa na wenzake. Ukichanganya vipimo, alisema, kandege ka muntu mumoja kanakuwa sawa na libombadia la kubeba mabomu, na kabati yote inakuwa ya uongo.

Papa Neema aliinua ndege ya baba hadi usawa wa jicho.

"Sasa Dokta, humu muntu iko wapi?"

"Si huyu hapa, amekaa."

"Huyu? Hiki ni kichwa ao ni punje ya mtama? Minye nataka nimuone muntu mwenye kuendesha. Nione macho yake. Ndege bila muntu ni chuma tu."

"Na weye unanijazia nyumba. Mbili tu na nusu ya meza imeisha. Chukua limndege lako, Prof, utoke mu nyumba yangu!"

Hapo mabega ya Papa Neema yakaanza kutikisika, na baba akacheka kwa ajili ya wote wawili. Maneno hayo, chukua limndege lako utoke mu nyumba yangu, niliyasikia Jumapili nyingi hivi kwamba Neema na mimi tuliyatumia tukigombania kamba ya kuruka.

Kuhusu zile namba, nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe. Niliamini kwamba moja juu ya sabini na mbili maana yake ni ndege moja kati ya sabini na mbili, na kwamba zile sabini na moja zilizobaki zipo mahali fulani. Kwa hiyo jeshi la baba lilikuwa kubwa kuliko la Papa Neema, lenye ndege arobaini na nane tu, na nilimhurumia Neema kimyakimya. Siku nilipomuuliza baba zingine sabini na moja ziko wapi, alicheka mpaka akaweka wembe chini. Kisha akanisimamisha ukutani, akapima kimo changu kwa mkono, akanionyesha ukucha wa kidole gumba chake. "Furaha, mu sabini na mbili weye uko hivi." Papa Neema akanionyesha pingili moja ya kidole chake. "Kwangu uko hivi. Ona, kwangu unakuwa mukubwa." Nikamwambia nataka kwa Papa Neema. Baba alisikitika kweli, nadhani.

Vita vilipoanza kusogea, sisi watoto tulivisikia kwanza kwenye vinywa vya watu. Watu waliacha kutaja majina. Walisema "bale bantu", "ba kule juu". Dawati letu likawa na maswali. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini nakaa na Neema, nikamjibu kwamba Neema ana rula. Mama yake Neema aliona mapema kuliko mumewe. Alichukua watoto, akavuka mpaka kwenda kwa dada yake Bujumbura, na siku iliyofuata nilikaa dawatini peke yangu. Papa Neema alibaki. Muhula ulikuwa haujaisha, na alisema kelele kama hizi alizisikia tangu utoto wake na daima zilipita.

Hazikupita. Barabara ya mpakani ilifungwa. Vijana wa mitaani walipewa bunduki na kuanza kutembea nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa milimani. Asubuhi moja Papa Neema aliingia kwetu kwa mlango wa nyuma akiwa na shati la ndani tu na viatu vya shule. Hakubisha hodi. Alisimama jikoni, akamwambia mama, "Mama Furaha, sina pa kwenda."

Mama hakumuuliza baba. Alihamisha magunia ya makala, makaa ya kupikia, kwenye ghala dogo linaloshikana na jiko, akamweka Papa Neema nyuma yake, akayarudisha. Kisha akaniita, akanishika mashavu yote mawili kwa mikono myeusi. "Umeona nini?"

"Papa Neema."

"Umeona nini?"

"Hakuna."

"Sawa."

Wenye bunduki walikuja saa za mchana, jua likiwa kali. Kijana aliyewaongoza walimwita Komanda. Sasa nikikumbuka uso wake nadhani hakuwa amefika miaka ishirini na tano. Mama alikaa kwenye mlango wa ghala na ungo wa maharage mapajani, akachambua. Hakuinuka hata walipompita. Ghala lilikuwa mgongoni pake. Mimi nilikuwa sebuleni na baba, kwa sababu sikujua pa kukaa.

Walipekua chumba cha kulala, wakarudi sebuleni, na hapo Komanda akaliona kabati.

Alilitazama muda mrefu. Ndege kumi na kitu za kivita, zenye mabomu chini ya mabawa na alama za nchi mbalimbali, zimepangwa mahali ambapo nyumba nyingine zina vikombe.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu," baba alisema. "Ni kamuchezo tu, Komanda. Plastiki."

"Muntu mukubwa anacheza?"

Alishusha boksi moja kutoka juu ya kabati, akalisoma pole pole kwa kidole. Nilimwona akifika kwenye namba. "Moja juu ya sabini na mbili." Akamgeukia baba. "Na zingine sabini na moja ziko wapi?"

Lilikuwa swali langu lenyewe, neno kwa neno, lakini safari hii aliyeuliza alikuwa na bunduki, na baba hakucheka.

"Hazipo, Komanda. Hiyo ni kipimo."

"Kipimo ya nini?"

"Ya udogo. Unachukua kitu cha kweli, unakipunguza. Ona." Baba akafanya kile alichozoea kufanya akieleza. Aliinua kidole gumba. "Kama weye mwenyewe, na urefu wako huo, mu sabini na mbili uko hivi." Akaonyesha pingili ya mwisho ya kidole.

Wenzake wawili walimwangalia Komanda kuona atafanya nini. Mmoja aliangua kicheko, akakimeza.

"Unanifanya kadogo?" Komanda aliuliza kwa sauti ya chini. "Mu nyumba yako, mbele ya bantu bangu, unanifanya kadogo?"

"Hapana, Komanda, ni hesabu..."

"Piga magoti."

Baba akapiga magoti. Sikuwahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. Komanda alimsimamia, mkono kwenye bunduki, na kutoka jikoni nilisikia maharage ya mama yakidondoka kwenye ungo, moja, jingine, bila kukatika.

Mmoja wa wenzake ndiye aliyenyoosha kidole juu ya kabati. Pale, kwa sababu haikutoshea ndani, ilikaa ndege ya Papa Neema. Walikuwa wameimaliza wiki chache kabla, haijapakwa rangi bado, kijivu tupu, isipokuwa rubani. Rubani Papa Neema alimpaka kwanza, kama kawaida yake: uso wa kahawia, macho meupe na nukta nyeusi, hata mdomo. Komanda akaishusha. Ilimjaa mikono. Akainama akachungulia kwenye kioo, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu mdogo zaidi.

"Huyu iko na macho," akasema.

"Ndiyo."

"Na mu hii minye niko sawa na nini?"

"Mu hii uko mukubwa zaidi," baba alisema kutoka chini.

"Hii ni ya nani?"

Baba hakuweza kudanganya. Mtaa mzima ulijua nani alikuja kwetu Jumapili.

"Ya yule prof," akasema. "Wa kule juu."

"Njo yule tunatafuta. Iko wapi?"

Ndipo baba alipoanza kusema, na alisema kwa sauti kubwa, ya hasira, sauti ambayo sikuijua.

"Alishakimbia! Na asirudi! Kila siku nilimuambia, chukua limndege lako utoke mu nyumba yangu. Lakini bale bantu unabajua, Komanda. Habatoshekake. Unamupa pahali padogo pa kukaa, anataka meza yote. Unamupa meza, anataka nyumba. Angalia, hata mu kamuchezo, siye wote tunatengeneza kadogo, yeye anataka yake ipite za wengine. Njo vile walivyo. Barudi kwabo, batuachie kwetu."

Komanda alicheka. Walicheka wote. Alimwambia baba ainuke, akampiga begani kama mtu anayemjua. "Dokta, weye unabajua muzuri." Akaondoka na ndege kubwa chini ya kwapa, akiishika kwa uangalifu, mkono mmoja ukilinda bawa lisigonge mlango.

Walipotokomea mama aliondoa magunia. Papa Neema alitoka akiwa mweusi kwa makala, mikunjo ya uso tu ikionekana. Ukuta kati ya ghala na sebule ulikuwa wa mbao tu, usiozuia sauti. Alimshukuru mama. Baba alikuwa ameegemea kabati. Papa Neema alimpita, akaenda kunawa uani, akakaa huko mgongo wake ukituelekea.

Alibaki kwetu mpaka mjomba wangu, aliyekuwa akipeleka ndagala, dagaa wa ziwani, upande wa Burundi, alipokubali kumvusha kwenye mtumbwi wake. Katika muda huo wote yeye na baba waliongea mambo ya maji, chakula na saa ya kuondoka. Akiondoka alimpa baba mkono kama mnavyopeana na mtu mliyekutana naye ofisini.

Mimi niliyaelewa yote, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimesikia hoja zilezile tangu nianze kukumbuka: ndogo na kubwa, meza, nafasi, toka nyumbani kwangu. Niliamini kwamba utani ulikuwa umeisha na ugomvi wa kweli umeanza, na kwamba watu wazima wote wa Uvira walikuwa wamegawanyika hivyo, wa sabini na mbili upande mmoja, wa arobaini na nane upande mwingine, na ndiyo maana Neema hakuwepo dawatini. Jioni moja nilimwendea baba.

"Baba, si ungemuachia tu nafasi kwenye kabati?"

Alinitazama kana kwamba nimemchoma sindano. Siku chache baadaye alizitoa ndege zake zote, akazivunja kwa mikono na kuzitupa chooni, kwa sababu mama alisema watakuja wengine watakaosoma namba zile kwa namna nyingine. Mama akapanga sahani zake. Maboksi tuliyatumia kuwashia moto wa kupikia.

Wengine walikuja kweli. Mji ukabadili mikono, wenye bunduki wa kwanza wakakimbia, na sasa wale ambao hawakuwa wakiogopa ndio walioogopa. Baadhi ya watu wa milimani walirudi, na Papa Neema akawa mmoja wao. Neema alirudi shuleni, akakaa dawati jingine. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu, "Baba anasema baba yako anajua kusema." Papa Neema akitoka shuleni hakupita mtaa wetu, ingawa ndiyo njia fupi. Alizunguka kwa barabara ya chini. Baba alimwona mara nyingi akipita kule, na kila mara aliingia ndani.

Mama alimwambia, "Enda umuone."

"Nitamuambia nini? Kwamba nilimuokoa?"

Ilipita misimu miwili ya mvua hivyo. Kisha, Jumapili moja, Papa Neema alikuja mwenyewe, kwa mlango wa mbele, amevaa koti lake la hekaluni. Alikuwa amekonda na nywele za pembeni zimegeuka nyeupe. Baba alimpa kiti. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti cha chumba, na hakuna aliyenifukuza.

"Dokta," alisema, "nimekuja kuuliza kitu kimoja. Yale maneno ya siku ile, uliyasema kwa ajili ya bale benye bunduki ao juu yangu?"

"Kwa ajili yao. Wangeniua, na wangekupata."

"Najua. Niko hai juu ya yale maneno. Watoto wangu wako na baba juu ya yale maneno. Siulizi hiyo." Aliinama mbele. "Nauliza, uliyatoa wapi? Haraka vile, mbele ya bunduki. Minye ningekuwa weye, ningetafuta maneno ningekosa. Weye yalikuja kama umeyasoma."

Baba alifumba macho. Nilidhani atasema ni woga. Mama pia, aliyekuwa amesimama na bakuli mkononi, nadhani alitaka aseme ni woga.

"Sikuyatafuta mbali," baba alisema. "Yalikuwa karibu. Kila muntu alikuwa anayasema, nami nilikuwa nayasikia. Sikuwahi kuyasema. Lakini nilipoyahitaji niliyakuta yako tayari mu kinywa. Njo hiyo inanikataza kulala, Prof. Si kwamba niliyasema. Ni kwamba yalikuwa tayari."

Hapo, kwenye kizingiti, nilianza kuelewa kwamba habari ile haikuwa na uhusiano wowote na ukubwa wa ndege. Sikuielewa yote. Ilinichukua miaka, na hata leo kuna sehemu naizunguka kwa barabara ya chini.

Nilimtazama Papa Neema mabega. Hayakutikisika.

"Sawa," akasema mwishowe. "Kama ungeniambia uliyatafuta mbali, ningejua ni uongo, ningeinuka niende, na singerudi tena hapa."

Hakuinuka. Alivua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Mama alikuwa ameshaleta bugali na sombe ya majani ya mihogo, na akaniambia nilete maji ya kunawa. Nilimmiminia mgeni kwanza, halafu baba, na baba alichukua muda mrefu kuliko kawaida, akisugua mikono ambayo haikuwa michafu, mpaka Papa Neema akamwambia, "Basi, Dokta. Tukule."